Kuchunguza Vijia vya Milimani kwa Miguu na kwa Baiskeli Wakati wa Joto Kali: Mwongozo Kamili

Kijia ambacho asubuhi ya baridi unakimaliza kwa saa moja na chupa moja ya maji kinaweza kukudai saa moja na nusu na chupa tatu jua likiwa la utosi. Umbali ni uleule na milima ni ileile, ila mwili sasa una kazi mbili: kukusogeza mbele na kujipoza.

Misuli hugeuza takribani robo tu ya nguvu inayotumia kuwa mwendo. Iliyobaki hutoka kama joto, na joto hilo lazima liondoke mwilini. Hewa ikikaribia joto la ngozi, yaani nyuzi 35 hivi, njia kubwa inayobaki ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa takribani kilojuli 2,400. Jasho linalodondoka chini kabla ya kukauka halikupozi. Ndiyo maana nyuzi 30 penye unyevunyevu mwingi hewani huweza kuumiza kuliko nyuzi 36 za nyika kavu, na ndiyo maana mkimbiaji anayepanda taratibu huku upepo ukimpiga mgongoni huchemka haraka kuliko mwendesha baiskeli anayeteremka.

Kwa hiyo, wakati wa joto njia mpya haipangwi kwa kilomita. Hupangwa kwa mambo manne: muda utakaokaa juani, maji yaliyopo njiani, kivuli, na mahali pa kutokea mambo yakiharibika. Yote manne huamuliwa nyumbani, kwa sababu joto likianza kumzidi mtu huharibu uamuzi wake kabla ya kuharibu miguu yake.

Hatua ya 1: Uzoeze mwili kwanza, siku 10 hadi 14

Usianze kuchunguza njia ngeni wiki ileile joto lilipoanza. Mwili hujifunza joto ndani ya siku 10 hadi 14, na sehemu kubwa ya mabadiliko huonekana katika wiki ya kwanza: maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, chumvi ndani yake hupungua, na mapigo ya moyo hushuka kwa kazi ileile.

Ratiba inayofaa watu wengi ni hii. Siku 1 hadi 3, fanya dakika 30 hadi 40 za mwendo mwepesi kwenye joto, karibu na nyumbani, unakoweza kuacha wakati wowote. Siku 4 hadi 7, fika dakika 60, bado kwa mwendo wa kuongea bila kuhema. Wiki ya pili ongeza vipande vifupi vya mlima, kisha fikisha dakika 75 hadi 90. Siku moja ya kupumzika katikati haiharibu kitu. Ukikaa wiki mbili au tatu bila kugusa joto, sehemu kubwa ya mazoea hayo hupotea, na itabidi urudi nyuma kidogo.

Wapo wasiopaswa kufuata ratiba hii bila kuzungumza na daktari: aliyewahi kupata kiharusi cha joto (joto la ndani kupita nyuzi 40 na akili kuchanganyikiwa), mwenye ugonjwa wa moyo au figo, mjamzito, na anayetumia dawa za kuongeza mkojo, baadhi ya dawa za mzio au za msongo wa mawazo. Na mtu yeyote mwenye homa, kuhara au usiku wa kukosa usingizi aahirishe. Watu wenye afya njema kabisa huzidiwa na joto siku kama hizo.

Hatua ya 2: Pima jasho lako

Mtu mmoja hutoa nusu lita ya jasho kwa saa, mwingine lita mbili, kwenye njia moja na siku moja. Kunywa kwa kuiga mwenzako ni kubahatisha. Kipimo chenyewe hakihitaji zaidi ya mizani na chupa:

1. Kojoa, vua nguo zote, jipime uzito.
2. Kimbia au endesha kwa saa moja kwenye joto linalofanana na la njia unayoilenga. Kunywa kiasi unachokijua.
3. Rudi, jifute jasho lote kwa taulo, vua, jipime tena kabla ya kwenda haja.
4. Toa uzito wa mwisho kwenye uzito wa kwanza, kisha jumlisha ulichokunywa. Kilo moja ni sawa na lita moja.

Mfano: ulianza na kilo 68.4, ukamaliza na 67.5, na njiani ulikunywa nusu lita. Umepoteza 0.9 + 0.5, yaani lita 1.4 kwa saa. Huna haja ya kurudisha yote ukiwa mwendoni, maana tumbo la watu wengi halipokei kwa raha zaidi ya milililita 800 hadi 1,000 kwa saa. Lengo ni kutoshuka zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako, ambayo kwa mtu huyu ni kilo 1.4 hivi. Rudia kipimo mara mbili au tatu, katika siku zenye joto tofauti. Kosa la kawaida ni kujipima ukiwa na nguo zilizolowa jasho, kwa sababu fulana na kaptura hubeba gramu mia kadhaa na kukudanganya.

Hatua ya 3: Soma njia mezani

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo wengi wanapopitia haraka. Tenga jioni nzima.

Anza na ramani yenye mistari ya kontua, yaani inayounganisha sehemu zenye urefu sawa kutoka usawa wa bahari. Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, ina vijia vingi ambavyo ramani za magari hazina, na baadhi yake vimewekewa daraja la ugumu kwa baiskeli za milimani kuanzia 0 hadi 6. Daraja 0 na 1 ni njia laini au yenye mizizi na mawe madogo. 2 ina ngazi na mawe yanayodai ustadi. Kuanzia 3 kwenda juu usiende kwa mara ya kwanza ukiwa peke yako siku ya joto. Madaraja haya huwekwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo linganisha na picha za satelaiti.

Hesabu mwinuko. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:25,000, sentimita moja ni mita 250 ardhini. Kama tofauti ya mistari ni mita 10, na ndani ya sentimita moja unapanda mistari mitano, umepanda mita 50 katika mita 250, yaani asilimia 20. Hapo waendesha baiskeli wengi hushuka na kusukuma, na kusukuma baiskeli juani bila upepo ni kazi ya joto kuliko kuiendesha. Weka alama kila kipande cha namna hiyo.

Kisha tazama mteremko umeelekea wapi. Ukiwa mbali na ikweta upande wa kaskazini, miteremko inayotazama kusini ndiyo inayochomwa siku nzima. Upande wa kusini wa dunia ni kinyume chake. Karibu na ikweta, kinachotazama mashariki huchomwa asubuhi na kinachotazama magharibi huchomwa alasiri. Hivyo, njia ya kupanda asubuhi itafute kwenye mteremko wa magharibi. Kwa picha ya satelaiti, tenganisha msitu wenye matawi yanayokutana juu ya kijia na vichaka vya kiunoni. Vyote huonekana kijani, lakini vichaka havina kivuli na tena huzuia upepo.

Urefu kutoka usawa wa bahari husaidia pia: kwa wastani joto hushuka nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000. Bonde lenye kuta za mawe, kwa upande wake, huwa baridi alfajiri kwa kuwa hewa nzito ya usiku hutuama humo, na likifika adhuhuri huwa tanuri.

Sasa maji. Mstari wa buluu uliokatikakatika ni kijito cha msimu, usiuhesabu. Hata mstari kamili usiuamini mwishoni mwa kiangazi mpaka umeuona kwa macho. Chemchemi, mabomba, majengo yenye watu na barabara zinazopitika na gari, vyote viwekee alama. Kwa kila kilomita 3 hadi 4 za njia andika jibu la swali moja: nikizidiwa hapa, natokea wapi, na ni dakika ngapi hadi mahali gari linapofika?

Mwisho, uliza kuhusu ruhusa. Vijia vingi hupita kwenye mashamba ya watu, hifadhi, au misitu inayofungwa wakati wa hatari ya moto. Njia iliyofungwa kwa moto usiiingie hata ukiona wengine wameingia. Huko msaada hautakutafuta haraka.

Hatua ya 4: Kadiria muda, kisha maji

Kanuni ya zamani ya William Naismith, ya mwaka 1892, humpa mtembeaji saa 1 kwa kila kilomita 5, pamoja na saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Mkimbiaji afanye hivi: kila mita 100 za kupanda aongeze kilomita 1 ya tambarare. Njia ya kilomita 12 yenye mita 450 za kupanda inakuwa kama kilomita 16.5. Kwa mwendo wa dakika 7 kwa kilomita hiyo ni saa 1 na dakika 55. Ongeza asilimia 20 kwa joto na kwa kusimama kusoma ramani, unapata saa 2 na dakika 20. Kwa baiskeli, waendeshaji wa kawaida hupanda mita 400 hadi 600 kwa saa. Chukua ile 400 kwa njia usiyoijua.

Maji huhesabiwa kutokana na muda huo. Saa 2 na dakika 20 kwa milililita 600 kwa saa ni lita 1.4. Ongeza nusu lita ya akiba isiyoguswa ila kwa dharura, na ubebe lita 2. Kama hesabu inatoka zaidi ya lita 3 na njiani hakuna maji ya hakika, njia hiyo ni ndefu mno kwa siku hiyo. Ifupishe, au siku moja kabla peleka chupa mahali pa kukatiza barabara, uzifiche kivulini na uzirudishe nyumbani baadaye.

Hatua ya 5: Chagua umbo la njia

Umbo bora kwa uchunguzi wa wakati wa joto ni mizunguko midogo ya kilomita 4 hadi 6 inayorudi sehemu moja yenye maji na kivuli. Unachunguza mzunguko wa kwanza, unajaza chupa, unajikagua, ndipo unaamua kama utaingia wa pili. Mzunguko mmoja mkubwa hauna huruma hiyo: ukifika nusu, kuendelea na kurudi ni sawasawa.

Njia ya kwenda na kurudi inafaa, ila geuka ukitumia theluthi moja ya maji au theluthi moja ya muda, lolote litakalotangulia. Kama mwanzo ni wa kuteremka na kurudi ni kupanda, geuka kwenye robo. Hiki ndicho chanzo cha taabu nyingi milimani: watu huteremka wakiwa na nguvu na upepo wa mwendo, kisha hupanda saa 6 mchana maji yakiwa yamekwisha.

Hatua ya 6: Saa ya kutoka

Ardhi huwa na baridi zaidi karibu na macheo. Mionzi ya jua huwa mikali karibu na saa 6 mchana, lakini hewa huendelea kupata joto hadi saa 9 na hata saa 11 alasiri, na miamba iliyochomwa kutwa huendelea kurudisha joto baada ya jua kupungua. Kwa hiyo jioni ya saa 11 si badala ya alfajiri. Panga uwe umemaliza kupanda kukubwa kabla ya saa 3 asubuhi, na uwe umetoka juani ifikapo saa 4 na nusu.

Unapotazama utabiri, usisome nyuzi peke yake. Kipimo kinachotumiwa na wanariadha na majeshi huunganisha joto la hewa yenye unyevu kwa uzito wa asilimia 70, joto la mionzi asilimia 20, na hewa kavu asilimia 10. Uzito huo unakuambia unyevu ndio adui mkubwa. Hewa ikiwa nzito na bila upepo, kata mpango kwa nusu hata kama nyuzi zinaonekana za kawaida.

Alasiri za joto pia huzaa radi. Hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, shuka mgongoni mwa mlima, ondoka chini ya mti ulio peke yake, na ukae sehemu salama mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Hatua ya 7: Kinywaji, chumvi na chakula

Kwa safari isiyozidi saa moja, maji matupu yanatosha. Zaidi ya hapo, changanya kinywaji hiki: lita 1 ya maji, vijiko 4 vya mezani vya sukari (takribani gramu 50), robo kijiko cha chai cha chumvi (gramu 1.5, yenye miligramu 600 hivi za sodiamu), na maji ya limau kwa ladha. Ukinywa milililita 600 kwa saa unapata gramu 30 za wanga na miligramu 360 za sodiamu. Vijiko viwe vya kusawazishwa. Ukizidisha sukari hadi gramu 100 kwa lita, kinywaji hukaa tumboni, kinachezacheza na kuleta kichefuchefu. Anayebaki na michirizi myeupe ya chumvi kwenye nguo anaweza kuongeza chumvi kidogo kidogo hadi kijiko cha chai kimoja kwa lita mbili.

Kunywa mafunda machache kila dakika 10 hadi 15, usingoje kumaliza nusu chupa kwa mkupuo. Na usinywe kupita jasho lako. Maji matupu mengi mno hupunguza sodiamu ya damu, na hali hiyo huua. Dalili zake ni vidole kuvimba hadi pete kubana, tumbo kujaa, kichwa kuuma, kutapika, na uzito kupanda badala ya kushuka. Mtu wa namna hiyo asiongezewe maji. Apewe kitu cha chumvi kama yuko macho, na apelekwe hospitali.

Usimeze dawa ya maumivu ya ibuprofen au dawa za jamii hiyo kabla ya kwenda. Mwili ukiwa na upungufu wa maji, dawa hizo huumiza figo.

Mkoba wa maji wa mgongoni ujaze nusu, ulaze, uugandishe usiku, kisha ongeza maji asubuhi. Baada ya kila funda, puliza hewa irudishe maji kutoka kwenye mrija. Yakibaki mrijani yatachemka na hutataka kunywa. Chupa ya kwenye fremu ya baiskeli iweke ya kuzuia joto, yenye kifuniko juu ya mdomo, kwa kuwa vumbi la vijia lina kinyesi cha wanyama.

Maji ya kijito yachemshwe dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Kichujio cha mikroni 0.2 huzuia bakteria na vimelea lakini hupitisha virusi. Vidonge vya klorini hushughulikia virusi ukivipa dakika 30 hivi.

Hatua ya 8: Andaa baiskeli

Tairi. Upepo hupanda kwa psi 1 hadi 1.5 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa hewa kinachosomwa kwenye geji ya pampu) kila joto linapoongezeka nyuzi 10. Baiskeli iliyojazwa alfajiri kwenye nyuzi 18 kisha ikapita kwenye changarawe ya nyuzi 45 itakuwa imeongeza psi 3 au 4, na kwenye vumbi hiyo inatosha kukuangusha konani. Kwa mtu wa kilo 70 hadi 75 na tairi za inchi 2.3 zisizo na tyubu, anza na psi 21 mbele na 24 nyuma. Ukitumia tyubu, ongeza 4 hadi 6 ili isibanwe na rimu na kupata matundu mawili sambamba. Pima tena baada ya nusu saa ya kwanza.

Maji ya kuziba pancha hukauka haraka wakati wa joto. Yakague kila baada ya wiki 4 hadi 6: tikisa gurudumu karibu na sikio, na usiposikia kitu ongeza milililita 60 hadi 80. Ukianza upya kwenye gurudumu la inchi 29, weka 100 hadi 120.

Breki za diski. Kwenye mteremko mrefu, anayeminya breki mfululizo huchemsha mafuta. Mafuta yakitoa mvuke, mkono wa breki hulegea hadi kugusa usukani na breki hazishiki. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishiba maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Yabadilishe angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu wa joto. Breki za mafuta ya madini zisitiwe DOT hata tone, wala kinyume chake, maana mipira ya ndani huharibika. Njiani, minya kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha achia kabisa. Ukisikia harufu ya kuungua au milio, simama dakika 5 na uache diski ipoe yenyewe. Usiiguse, usiimwagie maji.

Cheni. Tumia oili ya hali kavu au nta. Oili nzito hukusanya vumbi na kuwa msasa unaokula meno ya gia. Tone moja kwa kila kiungo, subiri saa chache, kisha futa mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu.

Beba tyubu 1, viraka, vinyanyuzi 2 vya tairi, pampu ya mkono, seti ndogo ya spana na kiungo cha akiba cha cheni. Mitungi midogo ya gesi ya kujazia tairi isiachwe ndani ya gari juani, inaweza kupasuka.

Hatua ya 9: Andaa miguu na ngozi

Miguu huvimba kwenye joto, hivyo viatu viwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Kwa ardhi kavu na ngumu, meno ya soli ya milimita 3 hadi 4 yanatosha. Marefu zaidi huyumba kwenye miamba. Soksi za pamba hushika jasho na kuleta malengelenge. Vaa za sufu nyepesi au sintetiki, na paka mafuta ya mgando kisigino na vidoleni. Mchanga ukiingia, simama uutoe mara moja. Dakika moja ya kuvua kiatu hukuokoa na kurudi ukichechemea.

Nguo ziwe nyepesi, za rangi isiyokoza, zenye kupitisha hewa. Mafuta ya kujikinga na jua yawe ya kiwango cha 30 au zaidi, yapakwe dakika 15 hadi 30 kabla na kurudiwa kila saa 2, pamoja na masikio, nyuma ya shingo na nyuma ya magoti. Kitambaa chenye barafu shingoni na kofia iliyoloweshwa husaidia kweli penye hewa kavu; penye unyevu mwingi, barafu ndiyo yenye faida.

Simu ihifadhi ramani ya kutumia bila mtandao. Iweke mfukoni kivulini, kwa kuwa ikikaa juani juu ya usukani hujizima kwa joto. Mbali na simu, beba kipande cha ramani ya karatasi, na umwachie mtu njia yako na saa utakayorudi.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Mara ya kwanza kwenye njia mpya iende kwa mwendo wa kutembea au karibu na huo, hata kama una nguvu ya zaidi. Unatafuta mashimo, waya za mashamba, nyoka wanaoota jua, na makutano ambayo ramani haikuyaonyesha. Mara ya pili ipite kinyume. Mara ya tatu tu ndipo uipite kwa kasi au kwenye joto zaidi, na hapo pita nusu tu ya njia.

Ongozwa na pumzi. Kwenye joto, mapigo ya moyo huweza kuzidi ya kawaida kwa 10 au 15 kwa mwendo uleule, na huendelea kupanda kadiri muda unavyokwenda. Ukishindwa kutamka sentensi nzima, tembea. Milima yote itembee bila aibu. Wakimbiaji hodari hufanya hivyo.

Kila baada ya dakika 20 simama kivulini na ujibu kwa sauti: nimekunywa kiasi gani, niko wapi kwenye ramani, natokea wapi? Mwenzako akijibu kwa kusitasita au kwa hasira isiyo yake, safari imeishia hapo.

Vumbi jepesi juu ya ardhi ngumu huteleza kama shanga. Piga breki kabla ya kona, ukiwa umenyooka, kwa kutumia breki ya nyuma zaidi kuliko kawaida, na usigeuze usukani ghafla. Kwenye mchanga mzito, chagua gia nyepesi kabla ya kuingia, sogeza uzito nyuma, legeza mikono, zungusha pedali bila kukoma. Mkimbiaji afupishe hatua, na mguu utue chini ya nyonga. Ukikutana na watembea kwa miguu au wanyama, wewe wa baiskeli ndiye wa kusimama. Na anayepanda hupewa njia na anayeshuka.

Joto likimzidi mtu

Uchovu wa joto huja na kizunguzungu, kichefuchefu, ngozi baridi yenye jasho, kichwa kuuma na udhaifu, lakini akili inakuwa timamu. Mlaze kivulini, inua miguu, mlegeze nguo, mmwagie maji na kumpepea, na umnyweshe kidogo kidogo kinywaji chenye chumvi. Asiendelee na safari, hata akipata nafuu baada ya nusu saa.

Akichanganyikiwa, akiyumba kama mlevi, akisema maneno yasiyoeleweka, akipata degedege au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto. Joto la ndani limepita nyuzi 40 na kila dakika ina gharama. Usidanganywe na ngozi yenye jasho. Kwa mtu aliyekuwa akikimbia, jasho huweza kuendelea kutoka. Piga simu ya dharura, na wakati uleule anza kumpoza. Kumpoza kunatangulia kumsafirisha. Bora kuliko yote ni kumzamisha hadi shingoni kwenye maji baridi, kijito au beseni kubwa, huku mtu akishika kichwa chake na maji yakikorogwa. Pasipo na maji mengi, vua nguo, mwage maji yote mliyo nayo mwilini, pepea bila kukoma, weka barafu au vitambaa baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena, na uvibadilishe kila vinapopata joto. Lengo ni kumshusha chini ya nyuzi 39 ndani ya dakika 30. Aliyepoteza fahamu asipewe kinywaji, na dawa za kushusha homa hazina kazi hapa.

Aliyepata kiharusi cha joto asirudi vijiani mpaka daktari aruhusu, na akirudi aanze upya na ratiba ya hatua ya 1.

Ukirudi

Jipime uzito. Kwa kila kilo uliyopoteza, kunywa lita 1.25 hadi 1.5 katika saa chache zinazofuata, pamoja na chakula chenye chumvi. Mkojo ukiwa na rangi ya kahawia iliyokoza na misuli ikiuma kupita kiasi, nenda hospitali siku hiyohiyo: misuli inaweza kuwa imeharibika na figo ziko hatarini.

Kabla ya kulala, andika kwenye ramani: saa ya kutoka na kurudi, joto la mwanzo na la mwisho, maji uliyokunywa na yaliyobaki, vipande vyenye kivuli na saa vilipokuwa na kivuli, vijito vilivyokauka, na mahali pa kutokea ulipopahakiki kwa macho. Weka pia tarehe, kwa kuwa kijito chenye maji mwanzo wa kiangazi huenda kisiwe nayo wiki 6 baadaye.